Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Wiki iliyopita lori la viazi lililoteremka kutoka Iringa liliingia gerejini kwangu, na kabla dereva hajazima injini nilikuwa nimeshajua limekuja na ugonjwa gani. Breki zilikuwa zimeungua. Harufu ya breki zilizoungua haifanani na nyingine: ina ukali wa nywele zilizopitiwa na moto, ina uzito wa chuma, na ikishaingia kwenye nguo haitoki kwa kufua mara moja. Mafundi wangu waliziba pua wakacheka. Mimi nilivuta kiti nikakaa, nikawaambia wanisubiri kidogo natafuta miwani. Miwani ilikuwa usoni.

Msinidhanie vibaya. Mimi si mtu wa kukaa kitini saa za kazi. Gereji yangu iko Msamvu, Morogoro, kando ya barabara kuu, na ina lifti mbili za kunyanyulia magari. Tafuteni mwingine mwenye mbili kuanzia Msamvu hadi Mikumi, mkimpata mnijulishe. Nilirudi kutoka Toronto na masanduku manne, matatu yakiwa ya spana. Diploma yangu ya ufundi wa magari nimeitundika ukutani juu ya meza ya mapokezi, ndani ya fremu ya mninga, mahali ambapo hata mteja aliyekuja kugomba lazima aisome kwanza. Wapo waliosema mwanamke hataweza kazi hii. Baadhi yao leo wanakaa kwenye benchi langu wakisubiri zamu, na mimi hupita mbele yao polepole.

Lakini harufu ile hainikuti nikiwa fundi mwenye diploma. Hunikuta nina miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya rundo la matairi, nahesabu.

Tulikuwa tunaishi Crescent Town, mashariki mwa Toronto, ghorofa ya kumi na saba, katika jengo ambalo lifti yake ilinukia vitunguu vya mataifa yote. Baba alifanya kazi kwenye duka la matairi huko Scarborough. Mwenzake kazini alikuwa mtu wa Bukavu aitwaye Paskali, aliyekaa ghorofa mbili chini yetu. Kwao mjomba huitwa tonton, basi nami nilimwita Tonton Paskali, na yeye, badala ya Tatu, jina langu, aliniita Injinia. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili, na alijua Kifaransa, Kiswahili na lugha ya kwao. Kiingereza tu ndicho kilichomkataa. Barua ikija kutoka benki, simu ikipigwa kutoka hospitali, alipanda ghorofa mbili akagonga mlango wetu, akamuuliza mama kwa adabu kama Injinia ana nafasi. Nilikuwa ulimi wake. Nilijivuna kwa hilo kuliko alama zangu za shule, ambazo nazo, niseme ukweli, zilikuwa nzuri.

Mtu wa tatu ni Mzee Shirazi. Alizaliwa Mwanza, akaondoka kijana, na wakati huo alikuwa anakaa Unionville katika nyumba yenye gereji ya magari matatu. Alikuwa na maduka ya dawa. Siku moja alileta gari lake kubadilisha matairi, akasikia baba na Tonton wakibishana chini ya gari jingine, akainama akawauliza kwa Kiswahili, "Mnatengeneza gari humo au mmefungua Bunge?" Baba aliposimulia habari hiyo nyumbani alicheka hadi machozi. Si kwamba ilichekesha sana. Ilikuwa miaka tisa tangu mteja yeyote amsemeshe kwa lugha yake.

Mzee Shirazi alikuwa mwanachama wa klabu ya wapenda magari. Jumamosi kadhaa za kiangazi walikodi uwanja maarufu wa mbio ulioko mwendo wa saa moja na zaidi mashariki ya jiji, katikati ya mashamba ya mahindi, uwanja ambao mabingwa wa dunia waliwahi kukimbia enzi hizo na picha zao zilizofifia bado zilining'inia kwenye kibanda cha chai. Wanachama hawakuwa mabingwa. Walikuwa madaktari wa meno, walimu, wahasibu, watu wenye vitambi, waliotaka kujua gari lao linaweza nini mahali pasipo na trafiki. Hakukuwa na mshindi wala kombe. Hata kumpita mwenzako ilikuwa marufuku mpaka yeye mwenyewe atoe mkono dirishani akuoneshe upande wa kupita. Baba alipenda sana jambo hilo. Alisema ndiyo barabara pekee Kanada ambapo watu wanapeana njia kwa heshima.

Huwezi kuingia klabu ile bila mwanachama wa kukudhamini. Mzee Shirazi alimdhamini baba, fundi wa matairi, mwenye gari dogo jekundu la Kijapani lililokuwa na kutu chini ya milango, akaweka sahihi yake kwenye fomu mbele ya wale madaktari. Nyumbani jina la Mzee likitajwa, baba alikaa vizuri kwenye kiti.

Na Tonton Paskali alikuja kama fundi wetu, na mimi nilikuja kama fundi wa fundi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulifika uwanjani na matairi ya barabarani, tukayatoa, tukaweka matairi laini ya uwanja. Gari likiwa juu ya jeki, nati hukazwa kwa mkono tu. Likishashushwa chini, ndipo unachukua spana ya kipimo, ndefu kama mkono wa mtu mzima, unakaza nati moja baada ya nyingine mpaka spana yenyewe ilie *tak*. Ikilia, unaacha. Gari letu lilikuwa na nati nne kila gurudumu. Nne mara nne: milio kumi na sita. Tonton alinifundisha kuinama vizuri, kuweka uzito wa mwili badala ya nguvu ya mkono, na kuhesabu kwa sauti.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: mwenye kuanza ndiye anamaliza, spana haipokelewi katikati. Ya pili: spana hailazwi chini kwenye mchanga hata kidogo. Iko mkononi, au iko ndani ya sanduku lake. Ikiwa mkononi, kazi inaendelea. Ikiwa sandukuni, kazi imekwisha, na dereva anaweza kuwasha gari. Hatukuhitaji kuulizana. Mtu alitupia jicho sanduku tu.

Baba naye alikuwa na sheria yake, aliyotoka nayo Uluguru: mkubwa akifika, acha unachofanya, nenda kamsalimie, na mikono iwe mitupu. Heshima si utumwa, alisema, na alituambia mara nyingi hivi kwamba wadogo zangu, waliokuwa wakijibu kila kitu kwa Kiingereza, walikuwa wameijua methali hiyo kabla ya kujua kuhesabu hadi ishirini kwa Kiswahili.

Sheria hizo zote zilikuwa nzuri. Nimezipima moja moja kwa miaka zaidi ya ishirini na sijaona iliyo mbaya.

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mwanzo wa kiangazi. Nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi na harufu yake ilichanganyika na petroli. Mkaguzi wa klabu, mtu mwenye kofia ya rangi ya machungwa, alikagua gari letu akaridhika, na mimi nikabandika namba mlangoni kwa utepe wa bluu wa wapaka rangi, huku nikihakikisha watoto wa yule daktari wa meno wananiona. Tukabadilisha matairi. Tonton akashusha jeki, akanikabidhi spana, akachukua dumu kwenda kununua petroli kule getini.

Nikaanza mbele kulia. Moja, mbili, tatu, nne. Mbele kushoto. Nyuma kulia. Kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Jasho lilikuwa linanidondoka puani na nilijiona mtu muhimu kuliko wote uwanjani.

Ndipo gari la fedha la Mzee Shirazi likaingia, likasimama kando yetu. Baba alikuwa ameshaketi kwenye usukani anajifunga mikanda. Akatoa kichwa.

"Tatu, mzee kafika. Kamsalimie."

Sikusita hata. Spana hailazwi chini, na mikono iwe mitupu. Nikaiweka ndani ya sanduku, juu ya kitambaa chake chekundu, nikajifuta mikono kwenye suruali, nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hayo masizi usoni ni ya kazi au umepaka wanja?"

Akaniuliza habari za shule, za mama, za wadogo zangu mmoja mmoja kwa majina. Akanipa sambusa kwenye karatasi, ya vuguvugu bado, iliyofungwa na mkewe alfajiri. Akaniomba nimbebee kiti cha kukunja hadi pale kwenye matairi, mahali penye kivuli. Nikambebea. Nyuma yetu kipaza sauti kiliita kundi la baba. Tonton alikuwa amerudi. Alimimina petroli, akafunga kifuniko, akatupa jicho kwenye sanduku, akaona spana imelala mahali pake. Akapiga paa la gari mara mbili kwa kiganja. Baba akawasha, akaenda.

Mzee aliketi, akamimina chai. Akanitazama juu chini, suruali yangu yenye grisi, mikono yangu.

"Hivi kweli ni wewe uliyefunga yale magurudumu? Paskali hakukusaidia?"

"Mimi mwenyewe," nikasema. "Zote kumi na sita."

Alitikisa kichwa kwa kustaajabu, akasema kwamba wanawe watatu, wote wamesoma, hakuna anayeweza kufungua hata kifuniko cha tangi. Nilimeza sambusa yangu taratibu ili utamu wa maneno hayo usipite haraka.

Wale wanaoujua uwanja ule wanakumbuka kona yake ya pili, inayoanguka kwenda chini huku huoni inaishia wapi, hivi kwamba gari likiingia pale ni kama ardhi imelimeza, kisha sauti yake inatokea mahali pengine. Kutoka tulipokaa tulimwona baba akipita mbele yetu, akapotea, tukasikia injini ikizunguka vilima vya mbali, na baada ya dakika mbili na kitu akatokea tena. Mzunguko wa kwanza nilimpungia mkono. Wa pili nilimpungia. Wa tatu nilikuwa namweleza Mzee jinsi spana inavyolia, nikamwigizia kwa ulimi, tak, tak, nikihesabu kwa vidole gurudumu kwa gurudumu, na vidole vikasimama kwenye kumi na mbili.

Nilirudia toka mwanzo kimoyomoyo. Kumi na mbili. Nilijaribu kukumbuka baridi ya nati za nyuma kushoto, namna nilivyopiga goti upande ule, kokoto chini ya goti. Hapakuwa na kokoto. Nilikumbuka sambusa.

Baba akapita. Mzunguko wa nne.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Mwenye bendera ya kusimamisha magari alikuwa amesimama pale kwenye lango la kuingilia, si zaidi ya hatua ishirini. Kiingereza changu kilikuwa safi. Maneno matatu yangetosha. Naye angeinua bendera, magari yote yangerudi, na baba angekasirika robo saa. Nilisimama. Mzee Shirazi akainua macho toka kwenye kikombe akatabasamu, akidhani nataka kuona vizuri, na tabasamu lile lilikuwa bado na zile kumi na sita ndani yake. Nikaona jinsi litakavyobadilika. Nikaona baba akishuka garini mbele ya wale madaktari, akielezwa kwamba binti yake ni mwongo. Nikakaa.

Nilijiambia labda itashika. Nilijiambia nati hazifunguki hivi hivi. Nilijiambia Tonton lazima aliona. Baba akapita mara ya tano, na mimi nilikuwa nasikiliza, kwa masikio yote niliyokuwa nayo, kitu ambacho sikujua kinasikikaje. Akaingia kwenye kona ya pili, ardhi ikammeza.

Hakukuwa na mshindo. Watu huniambia walitegemea kusikia mshindo. Kulikuwa na bendera ya njano, kisha nyekundu, bendera baada ya bendera kuzunguka uwanja wote, kisha injini zikaanza kuzimwa, moja, nyingine, nyingine, mpaka kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia ndege wa shambani. Kisha yakaja magari yaliyorudi, na breki zao zilikuwa za moto, na ile harufu ikatufikia.

Baba aliishi. Niliseme mapema ili msiteseke kama nilivyoteseka saa nzima ile. Alivunjika nyonga na mfupa wa bega. Gari lilikwisha. Gurudumu la nyuma kushoto lilikutwa mbali, upande wa pili wa uzio, limesimama wima kwenye mahindi machanga kama kitu kilichosimama kupumzika.

Gari la wagonjwa lilipokwisha kuondoka na baba, yule mkaguzi mwenye kofia ya machungwa alikuja kwetu na daftari. Hakuwa mkali. Alitazama sanduku la spana, akamtazama Tonton Paskali, akauliza nani alikaza gurudumu la nyuma kushoto. Tonton hakuelewa vizuri. Akanigeukia, kama alivyonigeukia benki na hospitali.

"Injinia, iko anasema nini?"

Kazi yangu ilikuwa kutafsiri swali. Sikulitafsiri. Nilimjibu mkaguzi mwenyewe, kwa Kiingereza, nikinyoosha kidole.

Nilisema, "Yeye."

Tonton alikijua Kiingereza cha kutosha kuelewa neno hilo moja, na kidole kinaeleweka kwa lugha zote. Alinitazama. Nimetazamwa na watu wengi wenye hasira, wateja, maofisa, mume niliyeachana naye. Hakuna aliyewahi kunitazama muda mrefu hivyo bila kupepesa. Kisha uso wake ukalegea, kama mtu aliyepokezwa mzigo akaupima akaona anauweza.

"Umwambie ni miye," akasema. "Miye nilisahau."

Hilo nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno.

Mzee Shirazi alikuwa amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi. Alisikia yote. Alimwaga chai iliyobaki kwenye nyasi, akakunja kiti chake.

Baba alilala hospitali wiki nyingi, kisha akalala nyumbani, kwenye kitanda tulichokihamishia sebuleni. Tonton Paskali alikuja kila jioni. Alipanda ghorofa mbili kwa ngazi akiwa na bakuli la sombe, kisamvu cha kwao, alichopika mkewe, alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akamsalimu baba, akasubiri. Baba aliitikia salamu, kisha akageuka kutazama ukuta. Hawakugombana. Ningeshukuru kama wangegombana. Nilikuwa nafanya kazi za shule kwenye meza ya kulia, nikisikia pumzi zao, na kila siku nilijiambia nitasema kesho. Tonton aliponyanyuka alinigusa kichwani akipita. "Soma, Injinia." Kila siku hivyo.

Nilidhani baba amemkasirikia. Mtoto aliyekaa kwenye meza ile angedhani nini kingine?

Habari zilifika duka la matairi. Mwenye duka alisema, na sioni kama alikosea, kwamba mtu anayesahau kukaza gurudumu hawezi kulipwa kukaza magurudumu. Ilipofika vuli Tonton na mkewe walikuwa wamehamia Alberta, ambako alipata kazi kwenye kiwanda cha nyama. Siku ya kuondoka walikuja kuaga. Baba alimpa mkono, uso ukiwa bado ukutani.

Halafu maisha yakaendelea kunipenda, na hapo ndipo penye shida yangu. Nilipofika miaka kumi na saba nilitaka kazi ya Jumamosi. Mzee Shirazi alipiga simu moja, na duka lile lile la matairi likanichukua; binti wa Baba Tatu, walisema, yule mwangalifu. Walinipa sehemu ya kufanyia kazi, ya tatu toka mlangoni. Makabati yalikuwa na majina yaliyobandikwa. Juu ya la kwangu, chini ya jina langu, kulikuwa na alama ya gundi ya jina lililobanduliwa. Nilijua ni la Tonton. Nilifanya kazi pale miaka minne, mbele ya gundi ile. Mwenye duka akaniandikia barua ya sifa, barua ikaniingiza chuoni, chuo kikanipa diploma, diploma ikanipa kazi yenye mshahara, na mshahara ukanunua lifti mbili ambazo hamtaziona kuanzia Msamvu hadi Mikumi.

Sijawahi kusahau nati tena. Mafundi wangu wananicheka kwa siri kwa sababu hurudia gurudumu walilokwisha kukaza, tena kwa kuhesabu kwa sauti. Kuna magari yaliyotoka gerejini kwangu nikayafuata na pikipiki hadi Kihonda kuwasimamisha wenyewe, nikijifanya nimesahau kuwapa risiti, ili nipige tu jicho nyuma, kushoto.

Miaka miwili iliyopita baba alikuja kunitembelea. Alitembea na fimbo, nyonga ile ile. Nilimketisha mapokezi, chini ya diploma, mchana wa jua kali, nikamletea soda, nikaanza kumwonesha hiki na kile, mashine ya kupimia magurudumu, kompyuta ya kusomea injini. Nilikuwa nataka aseme neno. Alikuwa anazungusha chupa mikononi.

"Paskali amekufa," akasema. "Huko huko Alberta. Figo. Nimesikia mwezi uliopita."

Nikakaa. Nikaona kwamba siku imefika na imechelewa. Nikaanza, "Baba, lile gurudumu..."

"Najua," akasema.

Akanieleza akitazama sakafu. Mzee Shirazi alimwambia hospitalini, siku ya tatu tu baada ya ajali: binti alinitamkia kwa kinywa chake kwamba alifunga zote mwenyewe, Paskali hana kosa. Wakazungumza, wazee wawili, mmoja kitandani mmoja kitini. Mzee akasema mtoto wa miaka kumi na mmoja akiambiwa alikaribia kumuua baba yake hatakuwa mtu tena. Akasema Paskali ni mwanaume mzima, amekwisha kukubali mwenyewe, atapata kazi nyingine. Baba akasema sawa.

"Kwa hiyo alipokuwa anakuja jioni..." nikasema.

"Alikuwa anakuja nimwambie najua. Hakutaka kingine. Angesikia neno hilo moja angelala usingizi." Baba aliweka chupa mezani. "Mimi ndiye niliyekutuma kusalimia. Kila akikaa pale nilikuwa naliandaa neno. Halafu naangalia ukuta."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hata baada ya mimi kukua. Akainua fimbo akaonesha lifti, mashine, fremu ya mninga.

"Ungevipata hivi?"

Hakusema kwa kejeli. Aliniuliza kweli, kama mtu anayetaka kujua bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Alikunywa soda yake, na jioni tulikula bila kuligusa tena swali hilo.

Utotoni niliamini nilikuwa na siri. Nililala nayo, nikaamka nayo, nikaisikia ikipumua sebuleni pamoja na wale wanaume wawili. Haikuwa siri. Watu wazima watatu waliijua wote, na kila mmoja, kwa kunipenda au kwa kuona aibu, aliiacha ikae juu ya yule mmoja asiyekuwa na Kiingereza cha kujitetea, ambaye ulimi wake ulikuwa mimi.

Wateja wakiitazama diploma huniuliza nani alinisomesha. Kwa miaka yote nimekuwa nikiinua mikono hii miwili na kusema, hawa wawili. Wanacheka, wanapenda jibu hilo. Tangu baba aondoke baada ya ziara ile nimejaribu mara kadhaa kutaja jina jingine. Linafika hapa ulimini, mteja ananisubiri, na mimi nainua mikono.